Rufaa imeanguka, baba mdogo anataka twende Mahakama ya Juu. Kesi husikizwa aje huko?

Lusiola_Butere (Jumapili, saa 3 usiku)

Mulembe watu wangu. Naomba mnisaidie na hili jambo, na tafadhali anayejua kweli ndio ajibu, manake nyumbani kila mtu ana yake na mimi ndio nimetumwa nitafute jibu kwa simu.

Tuko na kesi ya shamba huku Butere, ekari nne na kitu. Lilikua la babu. Wakati wa demakesheni, yaani kupima na kuandikisha mashamba, babu alikua kazini mbali, kwa hivyo likaandikwa jina la baba mkubwa kwa sababu ndio kifungua mimba na ndio alikua nyumbani siku wapimaji walikuja. Ukoo wote unajua aliandikiwa kwa niaba ya ndugu zake, ata miti ya lusiola ambayo babu alipanda kuonyesha kila mtoto atafika wapi bado imesimama, ukitoka kwa boma la senge, yaani shangazi yetu, unaihesabu moja moja mpaka mtoni. Baba mkubwa alipofariki watoto wake wakabadilisha hati na wakatuambia tutoke. Baba mdogo akaenda kortini. Kwa hakimu tulishinda, kwa jaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi tukashindwa, tukakata rufaa, na sasa majaji watatu wa rufaa nao wamesema hapana. Hukumu ilitolewa Jumatano ya wiki iliyopita.

Baba mdogo ana miaka 74. Anasema twende Mahakama ya Juu, ile ile iliyofuta uchaguzi wa urais wa 2017, ati hapo senge ataitwa asimame aseme alichosikia kwa mdomo wa babu, na kwa siku 14 ukweli utajulikana. Yuko tayari kuuza ng'ombe wawili. Mimi sijui kama ni kweli iko hivyo. Je, mtu yeyote anaweza kwenda huko? Wanasikiza mashahidi? Inachukua muda gani? Na wakisema hapana kuna pengine pa kwenda?

---

Karani_Nakuru (Jumapili, saa 4 kasoro)

Ndugu yangu kabla sijajibu lingine lolote, hesabu siku. Hukumu Jumatano ya wiki iliyopita, leo Jumapili, hizo ni siku 11. Notisi ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Juu inatakiwa iwe imewekwa ndani ya siku 14 tangu hukumu. Yaani umebaki na siku tatu. Kesho asubuhi mpigieni wakili, msingoje kikao cha familia, notisi ni karatasi fupi sana inasema tu kwamba hamjaridhika na mnakusudia kukata rufaa, haiwafungi muendelee kama baadaye mtaona hamtaki. Nimefanya kazi kwa ofisi ya mawakili hapa Nakuru miaka mingi na nimeona watu wazima wakilia kwa korido kwa sababu ya siku mbili. Unaweza kuomba uongezewe muda, lakini hapo unaenda kujieleza kwa nini ulichelewa na hakuna anayekuahidi utakubaliwa.

Sasa nije kwa maswali yako. Kwanza tutenganishe majina manake hapa ndio watu wengi hupotea. Mahakama Kuu sio Mahakama ya Juu. Mahakama Kuu iko hadi Kakamega, Bungoma, Busia, na ile ya Mazingira na Ardhi mliyopitia ina hadhi sawa nayo. Juu yao kuna Mahakama ya Rufaa. Juu kabisa ndio Mahakama ya Juu, wengine huiita Mahakama ya Upeo, ni moja tu nchi nzima, iko Nairobi pale City Hall Way. Katiba ya 2010 ndio iliileta, kifungu 163. Majaji wake ni saba, Jaji Mkuu na Naibu wake na wengine watano, na wakikaa kusikiza rufaa hawawezi kuwa chini ya watano.

Zile siku 14 mzee anasema ni za kesi ya urais peke yake. Hio kesi haitoki mahakama nyingine, inaanzia na kuishia hapo hapo. Unapewa siku 7 tangu mshindi atangazwe uwe umefika kortini, na wao wana siku 14 tangu ulipofika wawe wametoa uamuzi. Mwaka wa 2022 kesi zilifika Agosti 22, uamuzi ukasomwa Septemba 5, majaji wote saba pamoja, na sababu zote kwa urefu zikatoka Septemba 26. Rufaa ya kawaida kama yenu haina hio saa ya kukimbizana nayo. Mwambie mzee polepole, manake naelewa, hii korti wengi wetu tumeiona kwa TV wakati wa urais tu na tunadhani hivyo ndivyo inavyofanya kazi kila siku.

Mashahidi hakuna. Senge hatasimama. Hio kazi iliishia kwa hakimu.

---

Mzee_wa_Webuye (Jumapili, saa 4 na nusu usiku)

Mimi nasema nendeni. Haki ya mtu haiuzwi na haiogopwi. Kama babu aliwapandia miti ya mpaka basi hio ni hati tosha, na hao majaji saba ni watu wazima, wakisoma wataona. Kijana usimvunje moyo mzee wako.

---

Nyar_Kisumu (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Mzee wetu wa Webuye shikamoo, naheshimu unachosema na moyo wako naona uko upande wa familia. Lakini wacha niseme kitu hapa kwa sababu mimi nimekaa nikafuatilia hii korti, si ya urais tu, hizi rufaa za kawaida pia.

Kuna milango miwili ya kuingia kutoka Mahakama ya Rufaa. Wa kwanza ni kama kesi yenu ilihusu kutafsiri Katiba au kuitumia. Huo hauombi ruhusa, ni haki. Lakini si kwamba wakili anafika Nairobi anakumbuka kuandika neno Katiba kwa karatasi. Majaji walisema toka 2012 kwamba lazima hilo swali la Katiba liwe ndilo lilibishaniwa na kuamuliwa huko chini, halafu likapanda nalo. Mlango wa pili ni kibali, mahakama ithibitishe kwamba kesi yako ina jambo lenye umuhimu kwa umma wote. Hicho kibali mnaanza kukiomba kwa Mahakama ya Rufaa yenyewe, wakikataa ndio mnaenda kwa Mahakama ya Juu muombe waangalie huo uamuzi upya.

Na hapo kwa kibali ndio kugumu. Kipimo chenyewe kiliwekwa mapema, 2012 na 2013, korti ikiwa bado changa. Unatakiwa uonyeshe kwamba swali lako linavuka kesi yako, kwamba mtu wa Lamu au Turkana ambaye hakujui wala hatawahi kukujua jibu lake litamgusa. Au kwamba Mahakama ya Rufaa imetoa maamuzi mawili yanayopingana na sheria imebaki haijulikani ni gani. Na wakasema wazi, mtu kuhisi tu kwamba hakutendewa haki haitoshi kupata kibali. Nilipoisoma mara ya kwanza iliniuma, nikaona kama ni roho ngumu. Siku hizi naielewa tofauti. Ni majaji saba tu. Kila mtu aliyeshindwa akienda pale kurudia ushahidi wa nani alilala wapi mwaka gani, hakuna swali litawahi kutulia nchi hii.

Wacha nitoe mfano wa hapa kwetu. Kuna kijana wa kijiji cha mama alikua gereza la Kodiaga amehukumiwa kifo kwa mauaji. Yeye hakuwahi kukanyaga Mahakama ya Juu. Lakini Desemba 2017 watu wengine kabisa, wasiomjua, walishinda pale kwenye ile kesi ya Muruatetu, majaji wakasema sheria ya kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji bila kusikiza mtu anajitetea vipi kuhusu adhabu inaenda kinyume na Katiba. Huyo kijana akarudishwa kortini asikizwe adhabu tu, mama yake akaitwa aeleze alivyolelewa. Nilikua pale. Alikua amevaa leso mpya na hakumaliza sentensi moja. Halafu ikafika 2021 ile korti ikafafanua kwamba ilimaanisha mauaji peke yake, si wizi wa mabavu wala makosa mengine, na kuna watu waliokua wameshaanza kutumaini ikawafungia mlango siku hio hio. Hivyo ndivyo neno lao lina uzito. Kifungu 163(7) kinasema mahakama zingine zote zinafungwa na uamuzi wao.

---

Lusiola_Butere (Jumatatu, saa 2 asubuhi)

Asanteni sana sana. Karani nimempigia wakili kabla ata sijanywa chai. Amesema notisi anaitayarisha leo. Nyar_Kisumu hio ya mtu wa Lamu nimemsomea baba mdogo akanyamaza.

Sasa kama mashahidi hakuna, hio siku ya kusikizwa wanafanya nini?

---

Karani_Nakuru (Jumatatu, saa 7 mchana)

Kazi kubwa inafanyika kwa karatasi kabla ya hio siku. Ukishaweka notisi, ombi lenyewe la rufaa linafuata ndani ya siku 30, kama ni ile ya kibali siku 30 zinahesabiwa toka kibali kitoke. Unaambatanisha rekodi, yaani kila kitu kilichopita huko chini, mashtaka, ushahidi ulivyoandikwa, hukumu zote. Kwa kesi kama yenu iliyopita korti tatu hio rekodi inakua na unene wa matofali mawili. Nimezibeba, nimezipiga namba kurasa moja moja, na ukikosea namba moja katikati unaanza upya. Kisha kila upande unaandika hoja zake, na zina kikomo cha kurasa, huwezi kumwaga hadithi.

Siku yenyewe ikifika, wakili wako anapewa dakika chache tu. Siku hizi mara nyingi ni kwa video, mawakili wako ofisini kwao na ata wewe unaweza kufuata ukiwa Butere kama bando inakubali. Majaji wameshasoma. Kwa hivyo wakili akianza kusoma alichoandika wanamkatiza, wanamuuliza, wakili, hili swali uliliibua mahakama gani? Aya gani ya hukumu unaipinga? Niliona wakili mmoja mzuri sana anayejulikana huku akiulizwa hio ya kwanza na hakua na jibu, dakika zake zikaisha akitafuta ukurasa. Ushahidi mpya unaweza kuombwa lakini masharti ni makali na hawapendi, lazima uonyeshe haungeweza kuupata wakati ule ata ungejitahidi.

Baada ya hapo wanaondoka kwenda kuandika. Hauambiwi chochote hio siku. Wanajadiliana wenyewe, wakikubaliana inatoka hukumu moja, wasipokubaliana walio wengi ndio wanashinda na aliyebaki anaandika yake pembeni kwa nini anaona tofauti. 2017 ilikua wanne kwa wawili, Maraga, Mwilu, Wanjala na Lenaola wakafuta, Ojwang na Njoki Ndung'u wakakataa, Ibrahim alikua ameugua. Na zile za wachache hazitupwi, zinachapishwa pamoja na zingine kwa tovuti ya Kenya Law, bure, mtu yeyote anasoma.

Gharama pia mfikirie. Ukishindwa wanaweza kuagiza ulipe wakili wa upande ule mwingine. Na kuweka notisi peke yake hakuzuii watu kutekeleza hukumu, kama mnaogopa kufukuzwa mnaomba amri ya kusimamisha, na hapo mnaonyesha rufaa yenu ina uzito, na kwamba mkiachwa bila amri mtashinda kitu ambacho hakipo tena, na pia wanaangalia maslahi ya umma.

---

Sheria_Mashinani (Jumatatu, saa 2 usiku)

Nimefuata hii tangu jana, nilitaka nisome vizuri kwanza. Lusiola, kesi ya aina yenu kabisa imeshafika pale. 2018, shamba la familia kutoka Meru. Mahakama ya Juu ikasema mtu akiandikishwa shamba la ukoo kwa jina lake, haki za ndugu zake chini ya mila zinaweza kuendelea kuwepo juu ya hio hati ata kama hazijaandikwa popote kwa rejista. Na si lazima uwe unaishi hapo au umeshika jembe hapo ndio udai. Wanaangalia, je, kabla ya kuandikishwa shamba lilikua la familia au ukoo? Wewe ni wa hio familia, na uhusiano si wa mbali sana? Ungeandikishwa wewe isipokua kuna jambo liliingilia kati? Na unayemdai naye ni wa familia hio hio?

Kwa sisi wa huku magharibi na Nyanza hio ilikua kubwa kuliko watu wanavyojua. Tangu miaka ya 1970 kulikua na maamuzi mawili ya kortini, na majina yake ni ya watu wa huku kwetu, yaliyokua yanasema mwenye jina kwa hati amemaliza, mila haimgusi. Miaka zaidi ya 40 wazee wamefukuzwa kwa kutumia hayo maamuzi. Mahakama ya Juu ikayageuza kwa aya chache.

Lakini sikiza sasa upande ule mwingine. Kwa sababu swali hilo limeshajibiwa, ukienda kuomba kibali watakuuliza, sasa swali jipya liko wapi? Kwa hivyo kila kitu kinategemea majaji wa rufaa walisema nini kwa hukumu yenu. Kama walisema sheria haitambui hio amana ya kimila, yaani mwenye jina kwa hati kuwashikia ndugu zake shamba, hapo kuna jambo la kupeleka. Kama walisema sheria inaitambua lakini nyinyi hamkuithibitisha kwa ushahidi, basi hayo ni mambo ya ukweli wa kesi yenu peke yenu, na hayavuki kwenda kwa mtu wa Lamu. Tafuta hukumu, soma aya za mwisho mwisho kabla ya amri. Usisome jibu la kwanza, soma sababu.

---

Mzee_wa_Webuye (Jumatatu, saa 3 usiku)

Nimesoma yote. Sikujua hio ya Meru. Na je, hao saba wakikosea? Nani anawaambia?

---

Nyar_Kisumu (Jumatatu, saa 3 na robo usiku)

Mzee, wakisema wamesema. Wanaweza kurudi kwa uamuzi wao wenyewe lakini ni kwa nadra sana. Walieleza 2017 kwenye kesi ya kiti cha Nyando hapa kwetu, mbunge alikua ni Outa na mwenzake Okello akaomba wauangalie upya uamuzi wao. Walisema labda kama uamuzi ulipatikana kwa ulaghai au udanganyifu, au ni batili wenyewe, au korti iliamini pande zimekubaliana kumbe hapana, au iliamua kwa sheria ambayo imeshafutwa. Si kwa sababu aliyeshindwa ana hoja nzuri zaidi leo.

Kuna wanaoenda hadi Arusha kwa Korti ya Afrika Mashariki, lakini ile si korti ya rufaa juu yetu. Martha Karua alienda huko baada ya kesi yake ya ugavana wa Kirinyaga ya 2017 kukwama hapa, akashinda, 2020 wakaamua Kenya haikumtendea kulingana na utawala wa sheria, akapewa fidia ya dola 25,000. Kiti hakikurudi.

---

Lusiola_Butere (Jumatano, saa 12 jioni)

Narudi kuwaambia ilivyoenda. Notisi iliwekwa jana Jumanne, siku ya 13. Karani, Mungu akubariki, nimelala usingizi.

Leo nilienda kwa wakili nikapewa nakala ya hukumu, kurasa 19, tukakaa na baba mdogo chini ya mwembe nikamsomea kwa Kiswahili pole pole nikitafsiri. Nilifanya kama Sheria alivyosema nikaenda kwa sababu. Majaji wanasema kabisa kwamba amana ya kimila iko na sheria inaitambua, ata wametaja ile ya Meru. Halafu aya inayofuata wanasema shahidi wetu wa kwanza alisema babu alikua hai siku ya demakesheni na akakubali jina liandikwe hivyo, na shahidi wa pili akasema babu alikua ameshafariki. Shahidi wa kwanza ni baba mdogo. Wa pili ni senge. Na hakuna aliyeita mtu wa tatu, wala hatukuleta ile rejista ya wapimaji kutoka ofisi ya ardhi.

Miti ya lusiola haikutajwa popote. Nimeangalia mara mbili. Hakuna aliyewahi kuiambia korti iko, ata sisi wenyewe, tulidhani kila mtu anaiona.

Baba mdogo aliniambia nirudie hio aya. Nikarudia. Akauliza, kwa hivyo hao wa Nairobi hawataniuliza mimi mwaka gani baba alikufa? Nikasema hawatauliza. Akakaa sana. Akasema ni yeye alichanganya, alikua mtoto, anakumbuka matanga na anakumbuka wapimaji lakini hajui kipi kilitangulia.

Wakili anasema anaweza kuomba kibali lakini ametwambia ukweli kwamba nafasi ni ndogo, na hakutaka kuchukua pesa ya ng'ombe kabla tuelewe. Notisi bado iko. Baba mdogo amemtuma senge kwa mtoto mkubwa wa baba mkubwa, amwambie Jumamosi tunakuja, wazee wa ukoo wawepo, na kwamba hatuji na wakili. Amejibu tuje. Senge anasema aliuliza kama baba mdogo bado anakunywa chai bila sukari.